Jimmy Durham na nishani ya miaka 18: kambini 24, kwenye karatasi 11

Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema si jina geni kwetu, siku rais akiwatunuku maafisa na askari wa JWTZ unalisikia kwenye taarifa ya habari, ila wazo lenyewe la kumpa askari wa kawaida kipande cha fedha kifuani kwa sababu tu amekaa jeshini miaka mingi bila kuharibu ni la zamani, Waingereza walianza nalo 1830 wakati wa Mfalme William IV. Nimekuwa nafuatilia sana hizi nishani, hasa zile walizopewa wapiga ngoma na wanabendi wa jeshi la Uingereza, na katika yote kuna kisa kimoja kinachonikaa rohoni kuliko vingine, nacho ni cha mtu ambaye nishani yenyewe hakufika kuipata. Anaitwa James Francis Durham, wenzake walimuita Jimmy, mwanabendi wa batalioni ya pili ya Durham Light Infantry (DLI kwa kifupi, rejimenti ya kaskazini mashariki mwa Uingereza), na jina alilokutwa nalo ni Mustapha.

Tarehe 30 Desemba 1885 jeshi la Uingereza na Misri lilipigana na Wamahdi (wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeongoza uasi wa Sudan) pale Ginnis, kaskazini mwa Sudan, kando ya Mto Naili. Mahdi mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu Juni mwaka huo lakini watu wake walikuwa bado wanapigana. Wapenzi wa mambo ya jeshi wanaikumbuka Ginnis kwa sababu inasemekana ndo mara ya mwisho askari wa Uingereza kuingia vitani wamevaa koti jekundu. Baada ya mapigano DLI walikuwa kati ya waliopelekwa kufukuzia mashua za Wamahdi mtoni, watu wakakimbia, na katika hekaheka hiyo akakutwa mtoto wa kiume, mdogo kabisa, wa mwaka mmoja hivi au miwili, hana mtu. Askari wakamchukua. Shughuli za vita hivyo hivyo zilimpatia luteni mmoja kijana wa batalioni, Beauvoir de Lisle, nishani ya DSO, ya maafisa waliofanya vizuri vitani, na baadaye huyo akaja kuwa jenerali.

Sasa hapa lazima tuseme ukweli wote. Kikosi kilisimulia habari hii kama habari ya kuokoa mtoto, na ni kweli mtoto wa umri ule akiachwa pale jangwani asingefika jioni, lakini watu wake walikuwa wanakimbia risasi za nani? Za hao hao waliomuokota. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja na mimi sioni sababu ya kuficha moja ili lingine lipendeze.

Wakampa jina, Durham ikawa ukoo wake, yaani jina la rejimenti ndo likawa jina la baba. Batalioni ilipohamishiwa India 1887 hawakumuacha Misri, masajenti walichanga pesa zao wakaenda naye, na akakulia kwenye mesi ya masajenti kambi moja hadi nyingine huko India na Burma. Lugha yake ikawa Kiingereza, dini yake ikawa ya kanisa la kambini, michezo yake, nyimbo zake, kila kitu chake kikatoka kambini. Hakuwa na kijiji cha kurudi likizo wala shangazi wa kumuandikia barua.

1899, umri wake ukikadiriwa miaka 14, akaandikishwa rasmi. Aliandikishwa kama boi, cheo hicho kilikuwepo kwenye jeshi la Uingereza kwa watoto wa kuanzia miaka 14 hivi, na akapelekwa bendini. Inasimuliwa kwenye historia ya rejimenti kwamba ombi la kumuandikisha lilibidi lifike mpaka kwa Malkia Victoria, kwa sababu mtoto wa Kiafrika kuingia rejimenti ya Kiingereza halikuwa jambo la kila siku. Alipiga klarineti. Batalioni ikarudi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1900, 1908 akamuoa Jane Green, binti wa huko huko kaskazini mwa Uingereza. Agosti 1910 akafariki kwa nimonia kikosi kikiwa Ireland, huko Fermoy, wilaya ya Cork, akiwa na miaka kama 25 tu. Binti yake Frances alizaliwa baba ameshazikwa.

Hicho ndo kisa. Swali langu ni hili: huyu mtu aliitumikia DLI miaka mingapi?

Ukiuliza karani wa jeshi atakujibu 11, 1899 mpaka 1910. Ukimuuliza mtu yeyote aliyekuwa kwenye ile mesi ya masajenti atakwambia alikuwa nao tangu Januari 1886 au siku zile zile, kwa hiyo ni zaidi ya 24. Na angalia hiyo 24 ilivyo. Nishani ilipoanzishwa 1830 askari wa miguu alitakiwa awe na miaka 21 na wa farasi 24, halafu 1870 wakapunguza ikawa 18. Yaani kwa maisha aliyoishi ndani ya kikosi Jimmy alivuka kiwango cha wakati wake na akafika hata kile kikali cha mwanzo kabisa cha wapanda farasi, ila kwa karatasi alikuwa bado miaka 7 nyuma ya 18.

Wengine watasema we vipi, mtoto wa miaka miwili anatumikaje. Ni hoja nzuri na naichukulia kwa uzito. Jeshi haliwezi kuhesabu utoto kama utumishi, hakuna aliyekula kiapo akiwa ananyonya. Lakini sikiliza jinsi mfumo wa wapiga ngoma na wanabendi ulivyokuwa unafanya kazi, maana bila kuuelewa huwezi kuona kwa nini kisa cha Jimmy si cha pembeni kama kinavyoonekana.

Kwenye rejimenti ya Uingereza kulikuwa na makundi mawili ya watu wa muziki, na mtu wa nje huyachanganya. Wapiga ngoma walikuwa askari wa kikosi wenye kazi ya ishara, ngoma na filimbi na baadaye bugle (tarumbeta ndogo ya ishara), wao ndo walioamsha kambi, walioita chakula, waliotangaza kulala, na kwenye moshi wa vita walipeleka amri pale ambapo sauti ya afisa haifiki. Wanabendi walikuwa kundi lingine, wapiga klarineti na tarumbeta na vinginevyo, bendi ambayo kwa muda mrefu maafisa waliichangia kutoka mifukoni mwao ili wawe na muziki wa gwaride, wa kanisani Jumapili na wa chakula cha usiku mesini. Serikali ilikuja kuweka mkono kwenye mafunzo 1857 ilipofunguliwa shule ya muziki wa jeshi pale Kneller Hall karibu na London, na vita vikija wanabendi waliweka vyombo chini wakabeba machela za majeruhi.

Makundi yote mawili yalikula watoto. Hilo ndo la msingi. Mpiga ngoma mzuri na mpiga klarineti mzuri huwezi kumuokota mtaani ana miaka 22, unamchukua mdogo unamfundisha. Ndio maana shule za watoto wa askari, ile ya Duke of York's iliyokuwa Chelsea kabla ya kuhamia Dover 1909 na ile ya Royal Hibernian pale Dublin, zilikuwa zinatoa mabendi-boi mwaka hadi mwaka, wengi wao wamefiwa na baba ambaye naye alikuwa askari. Mtoto anazaliwa kambini, analelewa na pesa ya jeshi, anafundishwa ala na jeshi, akifika 14 anasaini. Jimmy alipita njia hiyo hiyo, tofauti ni kwamba badala ya shule alikuwa na mesi ya masajenti. Kwa hiyo tunapojiuliza utumishi unaanzia wapi, tunauliza juu ya watoto wengi mno, na jibu la jeshi lilikuwa moja tu, unaanzia pale jina lilipoingia kwenye karatasi ya kuandikishwa. Tena kwa upande wa pensheni lilikuwa kali zaidi, miaka ya uboi, ile ya chini ya 18, ilikatwa kabisa. Ukisoma karatasi za kuachishwa jeshi za enzi ya Victoria unakuta mstari unaoonyesha muda uliotolewa kwa sababu mtu alikuwa hajatimiza umri. Mtoto wa miaka 15 anapiga ngoma mbele ya bunduki, kisha mwisho wa safari karani anachukua kalamu anaitoa ile miaka. Mimi hilo linaniuma kweli.

Halafu kuna upande wa pili wa jina la nishani, tabia njema. Miaka peke yake haikutosha, ilibidi kamanda akupendekeze na daftari la makosa liwe safi kiasi cha kuridhisha. Ukihukumiwa na mahakama ya kijeshi unaweza kuikosa au ukanyang'anywa ukiwa umeshaivaa, na adui mkubwa wa askari wa zama zile alikuwa pombe. Askari wenyewe waliitania kwamba ni nishani ya miaka 18 ya makosa yasiyogunduliwa. Kabla ya kuifikia nishani kulikuwa na alama za tabia njema zilizoanza 1836, ile V iliyogeuzwa ikashonwa chini kwenye mkono wa kushoto wa koti, ambayo ilikuja na nyongeza ya peni moja kwa siku, na kwa taratibu za enzi za Jimmy ya kwanza ilianza kupatikana baada ya miaka 2 ya nidhamu. Ukiangalia picha za zamani za wanabendi utaona wale wazee wamejaza V tatu nne kwenye mkono ilhali begani hawana cheo chochote, wamebaki askari wa kawaida maisha yao yote, na kwa watu kama hao nishani ya utumishi mrefu ndo ilikuwa heshima pekee iliyo wazi kwao. Hilo wengi hawalioni. Mpiga ngoma wa 1850 hana njia ya kupata heshima za maafisa, akiwa hajakutana na bahati ya kishujaa vitani, kinachomsubiri ni kile kipande cha fedha chenye utepe mwekundu uliokoza au hakuna kitu.

Na kuna jambo la wapiga ngoma ambalo lazima litajwe kwa sababu ni sehemu ya historia ya hiyo "tabia njema". Kwa muda mrefu wao ndo waliopewa kazi ya kuchapa viboko wenzao waliohukumiwa, drama meja, mkuu wa wapiga ngoma, akisimamia. Adhabu hiyo ilifutwa jeshini 1881. Kwa hiyo mfalme alipoleta nishani 1830, mkono ule ule uliokuwa unashika kiboko asubuhi ndo ungeweza baada ya miaka 21 kupokea fedha ya tabia njema, na wazo lilikuwa kwamba askari aanze kuvutwa na kitu kizuri kilicho mbele yake na si kuogopa mgongo wake tu.

Mabadiliko ya 1870 nayo yaliwahusu sana wanamuziki. Mwaka huo ulikuja utaratibu wa askari kuingia kwa miaka 12, sehemu jeshini na sehemu kwenye akiba nyumbani. Askari wengi wakawa wanatoka mapema, hawafikii hata nusu ya 18. Nani wanabaki? Masajenti, mafundi, na watu wa ngoma na bendi, ambao wameingia wadogo, ufundi wao una thamani kikosini na nje hawana wanachokijua. Ndio maana ukikutana na nishani hizi za baada ya hapo usishangae kuona ukingoni limechongwa jina la mtu na mbele yake kifupi cha cheo cha mpiga ngoma au mwanabendi, kwani namba, cheo, jina na rejimenti vyote vinachongwa kwenye ukingo. Zile za enzi ya Victoria hazina hata sura ya malkia, upande mmoja ni nembo ya ufalme na rundo la silaha na bendera, upande wa pili ni maneno tu ya utumishi mrefu na tabia njema. Sura ya mfalme ilianza kuwekwa alipoingia Edward VII 1901.

Sasa mrudishe Jimmy humo. Aliingia 1899, miaka 12 ingetimia 1911, na hapo angetakiwa aamue kuendelea mpaka 21. Sina shaka angeendelea, angeenda wapi? Jeshi lilikuwa ndo kwao, na mke alikuwa amemuoa huko huko Uingereza. Ukihesabu tangu siku aliyosaini, 18 ingefika 1917, katikati ya Vita Kuu, na katika miaka ya vita hivyo utepe wa nishani ulibadilishwa, waliuongezea kingo nyeupe kwa sababu ule mwekundu mtupu ulifanana mno na wa Victoria Cross, nishani kuu ya ushujaa. Batalioni yake iliingia Ufaransa Septemba 1914. Mwanabendi kama yeye angekuwa na machela mkononi. Nimonia ilimkata kabla ya yote hayo, na 1910 hakukuwa na penisilini.

Kwa maana hiyo uamuzi wangu juu ya kisa ni kwamba jeshi halikumdhulumu Jimmy kwa kanuni zake, kanuni zilimhesabu sawa na boi yeyote wa Kizungu aliyesaini 1899, na hilo nalipa heshima yake. Akiwa hai 1917 angepimwa kwa kipimo kile kile cha masajenti waliomlea. Tatizo liko kwenye kanuni zenyewe, zilijengwa kwa ajili ya mtu mzima anayetoka kwao, anasaini, anatumika, anarudi kwao. Mtu ambaye kikosi kilimtoa kwao kwanza na kikamuandikisha miaka 13 baadaye kanuni hazikuwa na nafasi yake. Mimi nadhani kikosi kilipaswa kuwa na namna yake yenyewe ya kuitambua ile miaka 13, si lazima nishani ya mfalme, hata barua ya kamanda kwenye faili lake ingetosha, kwa sababu ile miaka hakuichagua yeye, walimchagulia wao.

Linganisha na upande wetu huku. Vita hivi vya Wamahdi vilivyomtupa Jimmy kwa masajenti wa Durham ndivyo vilivyowakatia njia askari Wasudani wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikwatoria kusini mwa Sudan, na 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, akawachukua wengi wao kutoka upande wa Ziwa Albert kwenda Uganda. Hao na watoto wao wakaja kuwa sehemu ya msingi wa Keya, King's African Rifles, iliyoundwa 1902, na kizazi chao ndo Wanubi wa Kibera na Bombo mpaka leo. Watu wa vita vile vile, kizazi kile kile. Lakini askari wa Keya walitengenezewa nishani yao ya pembeni ya utumishi mrefu, ilianzishwa 1907 kwa ajili ya askari Waafrika, yenye jina la King's African Rifles juu yake. Jimmy akiwa DLI angekuwa kwenye ile ya Waingereza wote, Msudani mwenzake aliyeko Keya yuko kwenye ya Waafrika, na wote wawili wamepatikana kwa vita vile vile vya Naili. Mgawanyo huo uliisha kwa sehemu 1930 zilipounganishwa nishani za aina hii, kikabaki kipande cha juu cha kuning'inizia ambacho kinachongwa askari ni wa jeshi gani.

Siku hizi kiwango ni miaka 15, tangu 1977, na maafisa nao wakaruhusiwa kuipata kwa uamuzi uliotangazwa 2016, wakati kwa zaidi ya miaka 180 kimsingi ilikuwa ya watu wa chini. Hilo la maafisa sijalipenda, nalisema wazi, kwa sababu kilichoifanya nishani ya mpiga ngoma iwe na uzito ni kwamba bwana mkubwa hakuwa nayo. Hata kwa hiyo 15 Jimmy asingefika.

Nyinyi wenye babu aliyekuwa Keya, kuna nyumba nyingi Kenya, Uganda na Tanzania zina nishani kwenye kopo la vifungo na hakuna anayejua ni ya nini. Igeuze usome ukingo kwa mwanga wa pembeni, namba na jina la babu vipo hapo, kisha angalia kama nyuma yake au kwenye kipande cha juu imeandikwa King's African Rifles. Usiipige polishi kwa sababu herufi za ukingoni zinafutika. Namba ya askari ndo muhimu kuliko jina, maana makarani wa Keya waliandika majina walivyosikia, mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu kwenye karatasi tatu, na ukiwa na namba ndo unaweza kumfuata kwenye nyaraka za jeshi bila kumchanganya na mwingine.